Ukumbi wa Vuga na Kiwanja cha Ruangwa

Nilikwenda kusini kuhani msiba wa mjomba wangu, wala sikuwa na nia ya kuandika makala. Lakini mtu wa mashairi haachwi akalia kwa amani. Siku moja baada ya hitima, pale Ruangwa, wazee waliokuwa wameketi chini ya mkorosho waliniomba niwasomee chochote nilichotoka nacho Unguja. Mfukoni nilikuwa na shairi jipya, la beti kumi na mbili, nililolitunga kuomboleza jengo la Majestic. Nikalisoma kwa sauti ninayoitumia kwenye vikao vyetu vya Mjini, polepole, macho juu ya karatasi. Nilipomaliza, kikapita kimya cha adabu. Kisha bibi mmoja, mwenye umri wa kuwa mama wa mama yangu, akasema: "Mjukuu wangu, limekaa vizuri. Sasa, sisi tunaitikia wapi?"

Sikuwa na jibu. Vina vilikuwapo, mizani kumi na sita ilikuwapo, wala hapakuwa na mshororo uliopwaya. Lakini hapakuwa na pahala ambapo mtu mwingine angeweza kuingia. Shairi lote lilikuwa mlango uliofungwa kwa ndani, nami nikiwa peke yangu humo, nalia.

Ni swali la bibi huyo linalonirudisha Majestic, na ninaomba msomaji anivumilie, maana itanibidi nilisome jengo upya na pia nijihukumu mwenyewe.

Jengo hilo liko Vuga, pale ambapo vichochoro vya Mji Mkongwe vinaanza kupata upana wa barabara. Mahali hapo pamebeba kumbi mbili. Ya kwanza ilikuwa Royal Cinema Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1921 kwa ramani ya John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na mchoraji wa ramani kwa wakati mmoja, na ambaye mkono wake tunaukuta pia katika Mahakama Kuu, hapo hapo Vuga, na katika makumbusho ya Beit el Amani. Sinclair alipenda matao na makuba. Aliuvika utawala wa Kiingereza kanzu na kilemba, na wako wanaomsifu kwa hilo mpaka leo. Mimi hunijia shaka. Naona katika kazi yake kitu kile ninachokiona katika tafsiri mbaya ya kasida: mapambo yote yamehamishwa, hata moja halikusahauliwa, ila aliyeyahamisha hakuwa akisali.

Ukumbi huo uliungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1955, juu ya kiwanja kile kile, ukafunguliwa Majestic, na mchoraji wake alikuwa Dayalji Pitamber Sachania. Hapa hakuna kuba. Ni mtindo ule ulioitwa Art Deco, mtindo uliozunguka bandari nyingi za dunia, Bombay, Mombasa, Asmara, na ambao fahari yake ni mstari ulionyooka na uso usio na nakshi nyingi. Mtu akitoka katika milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe akakutana na uso huo, huweza kudhani kuwa mwashi aliishiwa fedha. Sivyo. Sachania alijua kuwa nakshi ya ukumbi wa sinema iko ndani, kwenye kiwambo, na kwamba nje yatosha kuwa na tangazo moja: ingia. Kwa kipimo changu, kati ya kumbi hizo mbili, ya pili ndiyo iliyo shairi. Haikukopa vazi la mtu.

Niliingia humo mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mimi ni mtoto wa Nachingwea; nililetwa Unguja na shangazi aliyekuwa ameolewa Ng'ambo, na hiyo sinema ilikuwa zawadi yangu ya kufika. Ilikuwa picha ya Kihindi. Sikuelewa neno hata moja, na nililia kama wenzangu. Shangazi alinisimulia njiani kwamba zamani, akiwa msichana, yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na kwamba kwa mama zetu wengi hizo zilikuwa saa za pekee ambapo walijaza ukumbi mzima kwa buibui zao, wakacheka kwa sauti, wakalia kwa sauti, wakatoka wakiimba. Nyimbo hizo za Kihindi zilivuka barabara zikaingia katika taarabu, zikapata maneno ya Kiswahili, na leo yuko kijana anayeapa kuwa ni za kwetu tangu na tangu. Hana makosa sana.

Kazi yangu ya tafsiri ilianzia katika viti vile. Sikusoma chuo. Nilianza kwa kuwaambia watoto wa mtaa maneno ya nyimbo, nusu nikiyajua kutoka kwa muuza duka jirani, nusu nikiyabuni. Na nilipoanza kuona haya kwa kubuni ndipo nilipoanza kujifunza. Kwa hiyo msomaji aelewe kuwa ninapolisema vibaya shairi langu la Majestic, silisemi vibaya jengo. Nina deni nalo.

Nilipoingia mara ya mwisho, sehemu ya paa ilikuwa imeanguka na jua lilikuwa limeketi pale walipokuwa wakiketi watu. Ndipo nilipotunga. Na sikuwa peke yangu katika kutunga namna hiyo. Tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku ilipoporomoka sehemu ya Beit al Ajaib na watu wawili wakapoteza maisha, nimesoma marthiya za majengo zisizohesabika. Zote zina mawe, chokaa na boriti. Zote zina wakati kama mwizi. Zote humalizia kwa kumtaka mtu fulani asiyetajwa aamke. Ni chache mno zilizo na mtu ndani yake. Hata wale wawili waliokufa, tena walikuwa kazini wakilikarabati jengo hilo, huonekana katika mashairi hayo kama sehemu ya kifusi. Mimi nimo katika orodha hiyo. Katika beti zangu kumi na mbili kulikuwa na matao ya Sinclair na mistari ya Sachania, lakini hakukuwa na shangazi.

Sasa turudi bara.

Nachingwea haina ukumbi wa kihistoria, na mgeni akiulizia jumba la maonyesho atachekwa kwa upole. Mji wenyewe ni mabaki ya tamthilia iliyoshindwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga, wakafyeka misitu kwa matrekta, baadhi yake yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita; wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja mpaka Nachingwea, ili karanga zifike Ulaya. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni majina: mashamba yaliyopewa namba. Mpaka leo mtu hukwambia anakwenda Farm 17 kama vile wewe unavyosema unakwenda Forodhani.

Na Farm 17 ndipo palipokuja kuwa kambi ya FRELIMO. Wapiganaji wa Msumbiji walifundishwa hapo, kwenye ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga, mpaka uhuru wao ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975. Marehemu baba alikuwa akisema kuwa sauti aliyoizoea usiku katika miaka hiyo haikuwa ya bunduki, ilikuwa ya kwaya. Watu wa majimbo mbalimbali, waliokuwa hawajuani lugha, walifundishana ngoma zao. Mmakonde alijifunza kucheza ngoma ya mtu wa kusini ya mbali, na yule akajifunza ya Mmakonde. Sijui nchi ngapi zimepata kuundwa hivyo, kwa kufundishana miguu kabla ya kuandikiana katiba.

Nisipake asali, hata hivyo. Kambi hiyo hiyo, mwaka 1975, ilishuhudia wapinzani wa FRELIMO wakisimamishwa mbele ya umati ili wakiri makosa yao, akiwamo Uria Simango aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama hicho. Alisoma karatasi ndefu. Huko nako kulikuwa na jukwaa, kulikuwa na hadhira, na maneno yalikuwa yameandikwa tayari. Hawakuruhusiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo. Ninalitaja kwa sababu sisi watu wa sanaa hupenda kusema kuwa jukwaa ni uhuru, nasi tunasema hivyo kwa kuwa hatujapata kupandishwa juu yake kwa nguvu.

Lakini nilichokusudia kukisema juu ya Nachingwea ni mapiko. Wamakonde waliovuka Ruvuma waliuleta mchezo huo na kinyago chake, na nilipokuwa mdogo niliuona kabla ya kuona sinema yoyote. Ngoma hupigwa muda mrefu pasipo kitu kutokea. Hadhira imesimama duara, wanawake upande wao, watoto wakiwa wameshika nguo za mama zao. Kisha yule anayevaa lipiko hutokea mbali, labda kutoka nyuma ya nyumba au kwenye shamba la mihogo, na duara hupasuka. Watu hukimbia. Halafu hurudi. Hukimbia tena. Mchezo wenyewe ni huko kukimbia na kurudi. Mchezaji hupiga hatua, hadhira nayo hupiga hatua, na mipaka ya jukwaa hubadilika kila mara kwa woga na kicheko cha watu. Mchoraji ramani gani atachora jengo la namna hiyo? Ukuta wake ni watu, nao ukuta huo unatembea.

Ukilinganisha na Majestic, utaona kuwa giza la sinema lilitufundisha jambo lililo kinyume kabisa: kukaa, kunyamaza, kutazama upande mmoja. Ingawa hapa napaswa kujisahihisha, maana wale mama wa maonyesho ya wanawake hawakunyamaza. Waliitikia. Walimwonya mwanamwali wa kwenye kiwambo asimwamini bwana yule, wakamzomea mama mkwe. Sachania alijenga ukumbi wa kunyamaza, watu wa Unguja wakaufanya kiwanja. Hilo ndilo jambo ambalo shairi langu lilipaswa kulisema, nalo halikulisema.

Kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa si mbali, na vumbi lake hukaa kwenye kola kwa siku mbili. Ruangwa ya leo ina uwanja wa mpira, Uwanja wa Majaliwa, ambamo Namungo, wale wanaojiita Wauaji wa Kusini, wamepokea timu kubwa za nchi hii tangu walipopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Nilicheka mwenyewe nilipouona. Sisi wa visiwani tunaandika marthiya za kumbi, na mji mdogo wa ufuta na korosho umejijengea wa kwake, na watu wanaujaza. Hakuna anayewaambia wanyamaze.

Jioni kijana wa marehemu mjomba alinichukua kwenye kibanda cha video. Kuta za mabati, mabenchi, runinga moja juu ya meza. Picha ilikuwa ya Kichina, nayo imefasiriwa kwa mtindo ule aliouvumisha Lufufu wa Dar es Salaam, yaani mtu mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika. Kwa sheria za tafsiri ninazozifuata, ilikuwa fujo tupu. Msimulizi alimpa jemadari jina la mtaani, akaongeza methali, akaapa kwa niaba ya farasi. Mahali ambapo wahusika walinyamaza, yeye alijaza. Nilikaa nikiwa nimekunja uso kama mwalimu wa sarufi. Halafu nikaona kuwa watu wote kwenye mabenchi walikuwa wakimjibu. Si kumjibu jemadari, la. Walikuwa wakimjibu msimulizi, ambaye hayupo, ambaye ni sauti iliyonaswa miaka mingi iliyopita. Aliacha nafasi baada ya kila kichekesho, kama anayejua kuwa iko siku, Ruangwa, watu watahitaji kuijaza. Nimefasiri mashairi kwa zaidi ya miaka ishirini na sina hakika kama nimewahi kuacha nafasi ya namna hiyo.

Siwashauri wenzangu wafasiri kama Lufufu. Uaminifu kwa matini una haki zake, na mshairi wa watu hastahili kutiliwa maneno mdomoni. Ila kuna uaminifu mwingine, kwa masikio ya anayesikiliza, ambao tumeuachia vibanda.

Ajabu ni kwamba mwandishi wetu mkubwa wa tamthilia, Ebrahim Hussein, alizaliwa mkoa huo huo wa Lindi, mwaka 1943. Watu humkumbuka kwa Kinjeketile, iliyotoka 1969, na ni haki; vita vya Majimaji vya 1905 mpaka 1907 viliipitia nchi hiyo ya kusini, na majeraha yake yalisimuliwa kwetu na mabibi. Lakini usiku ule, nikiwa nimelala kwenye mkeka sebuleni kwa wafiwa, nilichokiwazia ni Jogoo Kijijini, iliyochapwa 1976 pamoja na Ngao ya Jadi. Ni tamthilia ya sauti moja. Haina haja ya paa, pazia wala taa. Wahakiki wengi wameijadili kwa mambo ya kisiasa, na wengine wakaiona ni ngumu. Nadhani ugumu wake ni wa karatasi tu. Imetungwa kwa pumzi ya mtambaji, mtu anayejua kuwa mbele yake kuna watu watakaosema "ehe" na kwamba asiposikia "ehe" hawezi kuendelea. Ukiisoma kimya, peke yako, unasoma nusu ya maandishi. Nusu nyingine iko kwa wasikilizaji.

Mathias Mnyampala naye alilijua hilo kwa njia yake. Ngonjera zilizoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha zimetukanwa sana, na nyingi zilistahili, maana ziligeuka kuwa hotuba zenye vina. Hata hivyo umbo lenyewe, watu wawili wanabishana kwa mashairi mbele ya watu, lilikuwa ni kulirudisha shairi kiwanjani. Tulilitupa umbo kwa sababu tulichoshwa na hotuba. Ni kama kuvunja nyumba kwa kumchukia mpangaji.

Mtu atasema kuwa ninapendelea viwanja kwa sababu sijui taabu zake. Nazijua. Kenya wana mfano ulio wazi kuliko wetu. Kenya National Theatre ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1952, na mwaka 1976 tamthilia ya Dedan Kimathi, ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na marehemu Micere Mugo, ilipata nafasi humo kwa kubanwabanwa. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa lao la wazi na kucheza kwa Kikuyu. Leseni ikafutwa baada ya wiki chache, Ngũgĩ akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Jengo la mawe la Nairobi bado lipo. Kiwanja, basi, huvunjwa upesi kuliko jumba, na ndiyo maana majumba yana thamani: ni magumu kuyafuta. Hii ndiyo sababu ninataka Majestic isimame.

Ila nataka isimame vipi? Najua kuwa wapo watu wenye nia njema, Hifadhi Zanzibar miongoni mwao, waliolipigania jengo hilo, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni moja. Nimepata kualikwa kusoma mashairi katika ukumbi mmoja wa kisiwani uliokarabatiwa kwa ustadi, sitautaja, ambapo kuta zimepata rangi yake ya asili na milango mafuta yake, na hadhira yangu ilikuwa watu tisa, wote wageni, mmoja wao akinipiga picha wakati nikivuta pumzi. Kijana wa mlangoni, mzalia wa mtaa ule ule, hakuruhusiwa kuingia kwa kuwa alikuwa kazini. Nilimsikia nje akirudia mshororo wangu wa mwisho, kwa kejeli au kwa kupenda, sikujua. Yeye ndiye aliyekuwa hadhira, na yeye ndiye aliyekuwa nje.

Kwa hiyo, kama nitaulizwa, na hakuna aliyeniuliza, nitasema sakafu ya Majestic ibaki na mteremko wake ili wa nyuma waone, na nauli ya kuingia siku moja ya juma iwe ya mtu wa Ng'ambo. Irudishwe siku ya wanawake. Waalikwe Wamakonde wa Nachingwea na lipiko lao, na viti vya mbele viondolewe siku hiyo ili watu wapate pa kukimbilia. Mchoraji wa ramani atanung'unika. Sachania, nadhani, asingenung'unika. Alishaona ukumbi wake ukigeuzwa na wenye buibui.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga yule bibi. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza kama nimeshapata pa kuitikia. Nikamwambia nimefuta beti saba. Akauliza zile tano zilizobaki zinamtaja nani. Nikamtajia shangazi, na sinema ya Kihindi, na mama aliyemzomea mama mkwe wa kwenye kiwambo. Bibi hakuwahi kufika Unguja wala kuingia sinema, lakini hapo alicheka, akapiga kofi mara mbili, akaniambia nisome ubeti huo tena. Nikausoma. Binti aliyekuwa akipeta ufuta ubavuni mwake akadakia neno la mwisho, na bibi naye akalirudia, kila mmoja kwa mahadhi yake ya Kimwera ambayo mimi, mtoto wa huko, nilikuwa nimeyasahau.

Nimelichukua neno hilo na kuliweka mwishoni mwa kila ubeti. Katika ubeti wa tatu mizani imezidi moja, na sijaipunguza.